Malkia, Daktari na Mfalme Mgonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Denmark ya 1770–1772

Kwa ufupi, ni kisa gani hiki?

Mwaka 1766 binti wa kifalme wa Uingereza, Caroline Matilda, aliozwa Mfalme Christian VII wa Denmark na Norway. Mfalme alikuwa mgonjwa wa akili. Daktari wake, Mjerumani Johann Friedrich Struensee, aliingia kasri kama tabibu wa safari tu, akawa mpenzi wa malkia, kisha kwa muda wa miezi kama 16 akaiendesha nchi kwa jina la mfalme. Alikamatwa usiku wa kuamkia 17 Januari 1772, na tarehe 28 Aprili akakatwa kichwa. Malkia alitalikiwa na kuondoshwa nchini bila watoto wake.

Wengi wamekifahamu kisa hiki kupitia filamu na riwaya, na humo mapenzi ndiyo hubeba kila kitu. Kwa maoni yetu hapo ndipo watu hupotea. Mapenzi yaliwapa maadui wa Struensee jambo la kumshtaki nalo. Kilichowafanya wathubutu kumvamia ni namna alivyoishika kalamu ya mfalme. Kama una dakika chache tu, ruka uende kwenye swali la namna daktari alivyoweza kutunga sheria.

Mfalme alikuwa na ugonjwa gani?

Wataalamu hawajaafikiana. Wengi huona dalili zake zinafanana na skizofrenia. Dalili zenyewe zimeandikwa na watu waliomhudumia: kuona na kusikia yasiyokuwepo, kujiumiza, kuvunja samani, kuzurura usiku mitaani Copenhagen akipigana na walinzi wa zamu, na siku nyingine kukaa kimya bila kumjali mtu. Malezi nayo hayakumsaidia. Mama yake alifariki mwaka 1751, Christian akiwa na miaka miwili, na mlezi wake, Reventlow, alimfundisha kwa kipigo.

Msimdhanie zuzu, lakini. Katika siku zake nzuri alizungumza Kifaransa vizuri, aliigiza jukwaani na alikuwa mwepesi wa maneno. Ndiyo maana wageni waliokutana naye kwa saa moja walirudi kwao wakisema hana neno.

Ndoa ilipangwaje?

Kama ndoa nyingi za kifalme za wakati ule, bila wahusika kuonana. Caroline Matilda alizaliwa London mwaka 1751, miezi michache baada ya kifo cha baba yake, Frederick, Mwanamfalme wa Wales. Mama yake Christian, Louise, alikuwa dada wa huyo Frederick, kwa hiyo Christian alimwoa binti wa mjomba wake. Kaka wa bibi harusi alikuwa Mfalme George III.

Ndoa ilifungwa mara mbili: kwanza kwa uwakilishi huko London tarehe 1 Oktoba 1766, kisha Copenhagen tarehe 8 Novemba katika kasri la Christiansborg. Bibi harusi alikuwa na miaka 15, bwana harusi 17. Christian hakumtaka, na alitamka wazi kwamba kumpenda mkeo si mambo ya kisasa. Hata hivyo mrithi, Frederik, alizaliwa tarehe 28 Januari 1768. Mwaka huohuo mfalme alimfukuza Bi Louise von Plessen, mkuu wa akina mama wa kasri, ambaye ndiye aliyekuwa kama mama kwa yule msichana. Kutoka hapo malkia alibaki peke yake.

Struensee alikuwa nani, na aliingiaje?

Alizaliwa Halle mwaka 1737, mtoto wa mchungaji mashuhuri wa Kilutheri mwenye msimamo mkali wa dini. Yeye mwenyewe aliiacha imani hiyo mapema. Alikuwa daktari wa mji wa Altona, karibu na Hamburg, ambao wakati ule ulikuwa chini ya taji la Denmark. Huko alitibu maskini na kuandika makala juu ya afya ya umma. Pia alifahamiana na waungwana wawili waliopoteza nafasi zao kasri, Rantzau na Enevold Brandt. Hao walimpigia debe.

Mwaka 1768 mfalme alikuwa anaanza ziara ndefu ya Ulaya na alihitaji daktari wa kumtuliza njiani. Struensee aliajiriwa kwa safari hiyo tu. Waliporudi Januari 1769 mfalme hakutaka tena kuachana naye. Hakuna hila kubwa hapa. Alijua kuzungumza na mgonjwa wake bila kumtisha, na hilo kasri zima lilikuwa limeshindwa.

Mapenzi yalianza lini hasa?

Majira ya kuchipua ya 1770, kwa hesabu ya wengi. Mwaka uliotangulia malkia alikuwa mgonjwa na mwenye huzuni, na ni mfalme mwenyewe aliyeshikilia amwone daktari. Malkia alikataa mwanzoni, akimdhania ni mpambe mwingine wa mumewe. Struensee alimwandikia mazoezi, hewa safi na kupanda farasi. Malkia akawa anapanda farasi kwa kutanua miguu, amevaa suruali ya kiume, jambo lililowakera watu wa mji kuliko mengi aliyoyafanya.

Lililomjengea imani kamili ni chanjo ya ndui. Ndui ilikuwa inaua watoto Copenhagen, na mwaka 1770 Struensee alimchanja mwanamfalme Frederik. Chanjo ya wakati ule ilikuwa usaha wa mgonjwa wa ndui halisi uliotiwa kwenye mchanjo mdogo wa ngozi, kwa sababu njia ya ndui ya ng'ombe ilikuwa bado haijaja. Mtoto angeweza kufa. Alipona, na malkia na daktari walikesha pamoja siku zote hizo kitandani kwake.

Yaligundulikaje?

Mapenzi ni kikohozi, na katika kasri lenye watumishi kila kona hayana pa kujificha. Wanawake wa chumbani walianza kuchunguza kwa njia za nyumbani: walinyunyiza poda sakafuni kwenye njia ya siri ya kuelekea chumba cha malkia ili asubuhi waone nyayo, na wakatia nta kwenye tundu la kitasa wajue kama mlango umefunguliwa. Ushahidi wao ndio uliotumika baadaye mahakamani. Malkia alijua wanamchunguza, akawakanya, lakini hakuwafukuza.

Je, mfalme alijua?

Kuna kila dalili kwamba alijua na hakujali. Watatu hao walikula pamoja, walisafiri pamoja, na kiangazi cha 1771 waliishi pamoja Hirschholm, kaskazini mwa Copenhagen. Kisheria hilo halikuwa na uzito. Kumgusa malkia kulikuwa kuuchezea ukoo wa urithi, na huo ulikuwa mali ya dola, si ya mume peke yake.

Daktari aliwezaje kutunga sheria?

Tangu Sheria ya Mfalme ya 1665, mfalme wa Denmark alikuwa na mamlaka yasiyo na mpaka. Hakukuwa na bunge. Ukimshika mfalme, umeishika nchi. Struensee aliifuata njia hii hatua kwa hatua:

Kwanza aliwaondoa waliosimama kati. Tarehe 15 Septemba 1770 waziri mkuu kwa vitendo, Bernstorff, alipewa barua ya kustaafu. Desemba, Baraza la Faragha, ambamo makabaila wakubwa walimshauri mfalme ana kwa ana, lilivunjwa.

Pili alibadili njia ya makaratasi. Idara za serikali hazikuruhusiwa tena kwenda kwa mfalme. Zilipeleka mapendekezo kwa maandishi, na aliyeyapokea na kuyasoma mbele ya mfalme ni Struensee, aliyepewa cheo cha msimamizi wa maombi mwezi huohuo wa Desemba. Jibu lilirudi kama amri fupi ya kabineti, yaani ofisi ya faragha ya mfalme, likiwa na sahihi ya Christian. Hadi hapo, kisheria, hana kosa.

Tatu ndiyo iliyomtia kitanzini. Tarehe 14 Julai 1771 alifanywa Waziri wa Kabineti, na agizo likasema amri yenye sahihi ya Struensee na muhuri wa kabineti ina nguvu sawa na iliyosainiwa na mfalme. Mfalme angeletewa muhtasari kila wiki. Kwa nini alilifanya? Sababu ya kiutendaji ipo: siku nyingine mfalme hakuweza kusaini chochote, na kazi zilirundikana. Lakini Sheria ya 1665 ilikataza kabisa mamlaka ya mfalme kupunguzwa au kugawiwa. Kwa sahihi moja alijitoa kwenye hifadhi ya taji na kusimama kwa jina lake. Wiki hiyo hiyo binti wa malkia, Louise Auguste, alikuwa amezaliwa, na kabla mwezi haujaisha Struensee na Brandt wakapewa ukabaila. Watu walijumlisha wenyewe.

Amri alizozitoa ni zaidi ya 1,000, wastani wa tatu na zaidi kwa siku katika miezi ya mwisho.

Alibadilisha nini hasa?

Mengi, na mengi yangekubalika leo bila ubishi. Udhibiti wa machapisho uliondolewa wote Septemba 1770, na Denmark ikawa nchi ya kwanza duniani kutangaza uhuru wa kuchapa usio na masharti. Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alimwandikia mfalme shairi la pongezi. Mateso ya kumlazimisha mtuhumiwa akiri yalipigwa marufuku. Mahakama nyingi za Copenhagen, ambazo kila tabaka lilikuwa na yake, ziliunganishwa kuwa moja mwaka 1771. Makabaila walikatazwa kuwatafutia watumishi wao wa nyumbani kazi serikalini, desturi iliyokuwa imezijaza ofisi watu wasiojua kazi. Februari 1771 kazi ya lazima ya wakulima kwa wenye mashamba iliwekewa kipimo kulingana na ukubwa wa shamba.

Katika mambo ya familia, adhabu kwa wanawake waliozaa nje ya ndoa ziliondolewa. Kwenye hospitali ya wazazi mjini liliwekwa kasha ambamo mama angeweza kumwacha mtoto bila kujulikana. Nia ilikuwa kuzuia watoto wasiuawe. Kilichoharibika ni hesabu: watoto waliletwa wengi kuliko walezi na fedha zilizotengwa. Kuhusu uzinzi, amri mpya ilisema ni mume au mke aliyekosewa tu anayeweza kushtaki. Wenye chuki walisema amejitungia kinga. Kama alikusudia hivyo, haikumfaa kitu.

Sikukuu 11 za kanisa zilifutwa Oktoba 1770, zikiwemo siku za tatu za Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Kwa hesabu za uchumi ilikuwa sawa. Kwa kibarua wa shamba zilikuwa siku 11 za mapumziko zilizopotea, na asante hakuna.

Kwa nini uhuru wa kuchapa ulimgeukia?

Kwa sababu aliutoa kabla hajapata watetezi. Wachapaji waligundua upesi kwamba kijarida kidogo kinachomtukana mpenzi wa malkia huuzika kuliko kitabu kinene cha kilimo. Ofisa mmoja mkusanyaji, Luxdorph, alihifadhi machapisho ya miaka hiyo, yakajaza juzuu zaidi ya 40. Humo mna mapendekezo ya busara kuhusu bei ya nafaka, na mna matusi ya nguoni.

Oktoba 1771 Struensee alirudi nyuma kidogo: kila chapisho liwe na jina la mwandishi au mchapaji. Udhibiti haukurudi, lakini waliompongeza mwanzo waliona amegeuka, na waliomtukana waliona ameogopa. Alipoteza pande zote.

Mbona hata watu wa kawaida walimchukia?

Chukua mambo matatu. La kwanza ni lugha. Hakujifunza Kidenishi, na amri zake ziliandikwa kwa Kijerumani. Mwananchi alipokea mageuzi yake kama maagizo ya mgeni. La pili ni mkate. Kupunguza matumizi ya kasri kulimaanisha wafumaji hariri, watumishi na makarani kukosa kazi, tena katika miaka ya mavuno mabaya. Bahati nasibu ya namba iliyoanzishwa 1771 ilionekana ni mtego wa kumkamua maskini.

La tatu ni watu wenye silaha, na hapa ndipo alipokosea zaidi. Mei 1771 alivunja kikosi cha walinzi wa farasi wa mfalme. Septemba mabaharia wa Norway waliodai mishahara waliandamana kwa miguu hadi Hirschholm, na kasri likataharuki. Mkesha wa Krismasi walinzi wa miguu, nao wengi wao Wanorway, walikataa kugawanywa kwenye vikosi vingine. Serikali ilisalimu amri na kuwaachia waende kwa masharti waliyoyataka. Tangu siku hiyo kila mtu Copenhagen alijua kwamba ukimsukuma Struensee, anarudi nyuma. Waliokula njama walihitaji wiki tatu tu.

Nani walikula njama, na usiku ule ulikwendaje?

Kinara alikuwa Malkia Mjane Juliana Maria, mama wa kambo wa mfalme, aliyekuwa na mwanawe wa kumtafutia nafasi. Kichwa cha mipango kilikuwa Ove Guldberg, katibu wa mwana huyo. Maofisa wa jeshi walikuwa Köller na Eickstedt. Na Rantzau yuleyule aliyempigia debe Struensee alikuwemo, kwa kuwa hakupewa alichokitarajia.

Tarehe 16 Januari 1772 kulikuwa na dansi ya vinyago katika ukumbi wa michezo wa Christiansborg. Waliuchagua usiku huo kwa sababu walinzi wa zamu walikuwa wa kikosi cha Köller. Dansi ilipokwisha na watu kulala, mnamo saa kumi usiku waliingia chumbani kwa mfalme, wakamwamsha na kumwambia kwamba mkewe na daktari wanataka kumwondoa. Akiwa bado kitandani, akisitasita, alisaini hati za kukamatwa. Kumbukeni: hati hizo zilikuwa halali kwa sababu ileile iliyozifanya za Struensee za mwanzo kuwa halali. Aliyemshika mfalme usiku ule alikuwa mtu mwingine tu.

Struensee na Brandt walipelekwa ngome ya Kastellet. Malkia alipelekwa Kronborg, Helsingør, pamoja na mtoto wake mchanga. Mchana mfalme alizungushwa mjini kwa gari la farasi ashangiliwe, na jioni umati ukavunja madanguro ya mji kwa jina la kutetea maadili.

Kwa nini wote wawili walikiri?

Struensee alikiri tarehe 21 Februari. Inaelekea alidhani kwamba kwa kumtaja malkia kesi itakuwa nzito mno kuendelea, na watalazimika kuimaliza kimyakimya. Alikosea. Tume iliyowachunguza ilibeba maneno yake hadi Kronborg, na tarehe 9 Machi malkia naye akasaini. Talaka ilitolewa tarehe 6 Aprili. Wakili Peter Uldall aliwatetea wote wawili, na utetezi wake kwa malkia ulikuwa mzuri kuliko kesi ilivyostahili, maana uamuzi ulikwisha kufanywa.

Adhabu ilikuwa ipi?

Hukumu ya Struensee iliugusa uhusiano kwa maneno ya kuzungukazunguka, kisha ikashughulika kwa kirefu na kujitwalia mamlaka ya mfalme. Sheria iliyotumika ni Sheria ya Denmark ya 1683, kitabu cha 6, sura ya 4, kifungu cha 1: anayemkosea mfalme hupoteza heshima, maisha na mali, hukatwa mkono wa kulia akiwa hai, kisha kichwa, na mwili hukatwa vipande vinne na kutundikwa kwenye magurudumu. Yalitekelezwa yote, uwanja wa Østre Fælled. Brandt alitangulia. Kosa lake kubwa lilikuwa kupigana na mfalme na kumng'ata kidole, ingawa ni mfalme mwenyewe aliyeanzisha ugomvi.

Malkia aliishia wapi?

Wadenmark walipanga kumfungia Aalborg maisha yake yote. Balozi wa Uingereza, Robert Murray Keith, alitoa vitisho vya vita, na mwishoni mwa Mei 1772 manowari za Uingereza zikamchukua kutoka Kronborg. George III hakumtaka London. Alimweka Celle, katika himaya yake ya Hanover. Binti yake hakuruhusiwa kuondoka naye. Alikufa tarehe 10 Mei 1775 kwa homa ya vipele vyekundu, akiwa na miaka 23. Amezikwa kanisa la Mtakatifu Maria la Celle pamoja na Sophia Dorothea, mama wa babu yake, ambaye naye alifungiwa miaka mingi kwa penzi la haramu.

Louise Auguste alikuwa mtoto wa nani?

Kisheria, wa Christian VII. Hakuna mahakama iliyowahi kusema vinginevyo. Karibu kila mtu wakati ule, na wanahistoria wengi leo, humhesabu kuwa wa Struensee. Alizaliwa Hirschholm tarehe 7 Julai 1771, akaolewa katika ukoo wa Augustenborg. Kitukuu chake, Augusta Victoria, aliolewa na Kaizari Wilhelm II, yuleyule ambaye Afrika Mashariki ya Wajerumani ilitawaliwa kwa jina lake. Mfalme wa Sweden wa sasa, Carl XVI Gustaf, naye anatoka katika uzao huo.

Mageuzi yote yalifutwa?

Mengi yalifutwa au yaliachwa yafe. Guldberg alitawala hadi 1784, na mwaka 1776 ilitoka sheria ya kuwapa kazi za serikali wazaliwa wa nchi peke yao, jibu la moja kwa moja kwa Mjerumani yule. Sikukuu zilizofutwa, kwa mshangao, hazikurudi. Marufuku ya mateso ilirudishwa nyuma.

Tarehe 14 Aprili 1784 Frederik, yule mtoto aliyechanjwa ndui, akiwa na miaka 16, alimfanya baba yake asaini karatasi ya kuwaondoa Guldberg na wenzake. Njia ni ileile ya siku zote. Serikali yake iliwafungua wakulima kutoka katika kufungwa ardhini, yaani kukatazwa kuhama mashamba ya mabwana, mwaka 1788, ikienda pole, kwa tume na mashauriano, na makabaila wakiwa ndani ya chumba.

Ni kweli Struensee alipiga marufuku biashara ya watumwa?

Si kweli, ingawa utalikuta limeandikwa pengi. Denmark iliendelea kununua watu katika pwani ya Ghana ya leo, kwenye ngome ya Osu iliyoitwa Christiansborg kama kasri la Copenhagen, na kuwapeleka visiwa vyake vya Karibi. Agizo la kuizuia biashara hiyo lilitolewa mwaka 1792, likaanza kutumika 1803. Utumwa wenyewe kwenye visiwa hivyo ulikwisha 1848.

Ninaweza kuona nini leo?

Hirschholm ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Usipoteze siku ukilitafuta kasri, utakuta kanisa dogo na bwawa. Christiansborg iliungua 1794, lakini ukumbi wa dansi ile ya vinyago ulinusurika na sasa ni makumbusho ya michezo ya kuigiza. Kronborg na Kastellet zinatembeleka. Kaburi la Christian VII liko kanisa kuu la Roskilde, na la Juliana Maria liko humohumo. Kwa Caroline Matilda itakubidi uende Ujerumani: Celle kuna kaburi, kasri alimoishi, na mnara wake wa kumbukumbu katika Bustani ya Kifaransa.